Dawa Yenye Banaita Ntongo

Weye mwenye uko na mama ao koko, mama ya mama, mu nyumba, na anasinzia muchana kutwa, kinywa wazi mpaka nzi inataka kuingia, hapana kumucheka mbio. Na hapana kumupeleka mbio kwa batu ya maombi. Ikala hapa kwanza, nikuambie yenye ilinipata. Miye pia balinicheka. Na kisha kucheka, balikamata kitu moja yenye nilikuwa nimebakia nayo.

Miye ni Kanyere, mais jina hiyo hakuna mutu anaitumia, bote banasema Mama Kambale, juu ya mutoto yangu mwanaume. Masomo sina. Nilifika mwaka ya pili, baba akasema inatosha, akanipa jembe. Donc mambo ya ubongo, ile baganga banasemaka ya mishipa na ya ndani ya macho, usiniulize. Nitasema paka ile tu yenye mwili yangu ilisikia na yenye batu balisema, na batu balisema mingi! Kusema njo kazi yenye haikukosekanaka Butembo, hata wakati ya vita.

Kwetu ni Luofu, kule kusini ya Lubero. Kule mutu anaamuka na jua. Hapana juu ya kupenda, hapana: shamba iko mbali, ku mulima, na ukichelewa jirani anakuimbia njia yote. Tangu nilikuwa kasichana, jua haikunikutaka mu kitanda, isipokuwa siku ya kuzaa. Na hata siku ya kuzaa, Kambale mwenyewe nilimuzaa nikitoka kukata majani ya mbuzi. Namuambiaka: weye ulikuja na mbuzi, njo sababu uko na kichwa nguvu.

Kisha vita ikakuja. Bijana bananiuliza: koko, vita gani? Eh! Zilikuwa moja inamalizika na ingine inaanzia mu mugongo yake. Majina ya makundi inabadilika, basoda ni bale bale, banabadilisha kofia. Siye tulikimbia. Na mu kukimbia, mutoto yangu mwanamuke, Kahindo, mimba ikamukamata na uchungu. Tulifika kwa kituo ya afya, kitanda hakuna, dawa hakuna, balikuwa bamepora hata wembe. Akazaa. Mutoto akalia, mama akanyamaza. Bwana yake alikuwa amepotea ku njia ya biashara, mpaka leo hakuna mwenye anasema alimuona.

Nikabakia na kale katoto, Masika. Sikuwa na shamba tena, sikuwa na nyumba, mbuzi sijue nani alizikula. Nilikuwa na Masika. Nikamufunga ku mugongo, nikapanda njia na miguu mpaka Butembo, kwa Kambale, mu Bulengera.

Kambale alikuwa na kaduka ka chumvi na sabuni, na bibi yake Kavira, mwanamuke ya mikono mbio na ulimi mbio, na mutoto wao mudogo. Nyumba yao ilikuwa ya udongo, mabati juu, madirisha mbili. Basoda bakipita, banachungulia mu dirisha. Bakiona sahani, banataka sahani. Bakiona mwanamuke... mais tuache ile. Kwa jirani yetu waliona mwanamuke.

Kesho yake Kambale akakamata misumari, akafunga madirisha na mbao. Akaziba matundu na vitambaa. Hata katundu kenye panya alitoboa, akakaziba na gazeti. Akasema:

"Mama, tangu leo hapana kutoka. Hata ku mulango hapana. Bakiuliza, mu hii nyumba kuko paka miye."

"Na choo?"

"Choo, magaribi, na kikwembe ku kichwa."

"Na jua?"

"Jua itakungoja, mama. Haina vita na mutu."

Alikuwa anatupenda. Njo ile inaniuma mpaka leo: mubaya yote yenye ilinipata mu ile nyumba, ilifanywa na batu benye kunipenda.

Niliingia mule wakati batu banapanda maharagi. Nikasikia mvua ku mabati, ikaisha, ikarudia. Siku moja harufu ya maharagi mabichi ikaingia kutoka kwa jirani, nikasema, ah, bamekomaza. Kisha harufu ya maganda yenye inachomwa. Njo calendrier yangu ilikuwa hiyo, pua. Macho hazikuwa na kazi. Petrole ilikuwa shida, taa tuliwasha paka wakati ya kukula, tusitie mboga ya sombe mu pua.

Mwanzo nilizania nimechoka na safari. Nikalala. Nikaamuka, nikalala tena. Muchana kichwa ilikuwa nzito sawa kikwembe yenye imeloana, unaibeba na inakuvuta chini. Magoti ikavimba. Njaa ikabadilisha masaa: muchana chakula inanichukiza, usiku tumbo inanguruma sawa camion ya mizigo ku mupando. Na usiku, oh! Wakati bote banalala, miye macho pwaa, natembea mu nyumba napapasa ukuta, namugeuza mutoto, napanga masufuria.

Na akili ikaanza kutoka pole pole, sawa mayi mu ndoo yenye imetoboka. Natia chumvi mara mbili. Namuita Kambale na jina ya baba yake mwenye alikufa. Namuvalisha Masika robe, mikono inatokea kwenye shingo, na miye namuambia, "Umekomea wapi, mutoto?" Rozari njo ilinitisha. Naanza Salamu Maria muzuri, umejaa neema, kufika katikati najisikia nasema: "na chumvi kidogo." Nikacheka peke yangu.

Ngozi nayo ikapauka. Jirani moja akaingia siku moja kukopa moto, akaniangalia ku taa.

"Eh, Mama Kambale! Unapaka nini? Unakuwa mweupe sawa sista wa misheni!"

"Napaka giza," nikamujibu.

Tukacheka mpaka Kambale akatuziba kinywa, juu sauti inavuka ku barabara. Yule mama alirudi kwake, akaeneza kama niko na mafuta ya Uganda, ile ya kungarisha ngozi, na ninaificha.

Kavira yeye hakuwa anacheka. Nilimusikia anasema na bwana yake nyuma ya pazia.

"Mama yako anatembea usiku."

"Anakosa usingizi."

"Anakosa usingizi usiku na anaupata muchana? Weye unajua batu benye banatembea usiku na kulala muchana banaitwaje. Nisiseme, juu ni mama yako."

"Basi usiseme."

"Sisemi. Mais sitamupa mutoto yangu kubeba."

Bulozi! Miye! Kama ningekuwa mulozi, ningebakia mule kupanga masufuria? Ningeruka na ungo mpaka Luofu kuchimba viazi zangu.

Kisha ile siku ya mbabula, jiko yetu ya makala, ikafika. Nilikuwa nimeikala na Masika, alikuwa anaanza kushika-shika ukuta kwa kutembea. Sombe iko ku moto. Nikamuambia, "Usisogee, mama," na neno "mama" sijue kama ilifika inje. Usingizi ilinichukua vile banachukuaka mutu ku barabara. Niliamushwa na kilio. Kamukono yake ilikuwa ku mbabula.

Ile kilio ilitoka Butembo, ikateremuka mpaka Beni, sijue ni dereva gani aliibeba, ikafika kwa bazazi ya baba ya mutoto. Bakatuma neno: maharagi yenye inafuata ikivunwa, tutakuja kumukamata mutoto wetu. Koko mwenye analala hawezi kulea.

Hapo njo Kambale akaogopa kweli. Akanitoa, kikwembe ku kichwa, tukaenda kwa centre de santé, kituo ya afya. Tulipita barabara za nyuma, jua ilinipiga mu macho nikazania ni kofi.

Salle d'attente, chumba ya kungojea, ilijaa mpaka ku mulango. Kila mutu ku banc alikuwa na ugonjwa yenye iko na jina: malaria, kidonda, kuhara, mutoto anakohoa. Mama moja akaniuliza, "Weye ni nini?" Nikamuambia, "Nalala." Akasema, "Ile si ugonjwa, ni bahati," na mbele nimujibu nikalala ku bega yake. Sikumujua, hakunijua. Alikuwa na jipu ku shingo, inamuuma. Banaita jina yake, akawaambia, "Pitisheni mwingine kwanza, nisimuamushe huyu." Akaacha zamu yake ipite juu yangu. Mu ile vita yote, kama bananiuliza nani alinitendea muzuri, namutaja ule mama wa jipu, na jina yake sinayo.

Infirmier, muuguzi wa pale, alikuwa mutu wa mbali, serikali ilimutuma kutoka upande ingine ya Congo mbele ya vita, akabakia. Swahili ilikuwa inamukwama kama mufupa. Balinikamata damu: malaria hakuna. Bakaniangalia shingo kama ni malali, ile ugonjwa ya usingizi: hakuna. Akaniuliza ninaishi wapi, ninaikala vipi, Kambale akaeleza na mikono, na Lingala yenye aliokota mu muziki. Infirmier akatikisa kichwa, akasema, na kidole juu, pole pole sawa anafundisha mutoto:

"Mama azua moyi ya ntongo. Mikolo nyonso."

Miye nilikuwa nusu ndani nusu inje. Tulipofika ku veranda nikauliza, "Amesema nini?"

Kambale akasema, "Amesema ukamate moyo, mama. Na utakunywa dawa inaitwa ntongo, kila siku."

Hapo weye unacheka? Ngoja.

Mutoto yangu akazunguka mapharmacie yote ya Butembo. "Muko na ntongo?" Ya kwanza: "Ilikuwa, imeisha." Ya pili: "Camion ikifika, rudia." Hakuna hata mutu moja alisema, "Siijui." Butembo mufanyabiashara hakubaliaka kama kuko kitu haijue! Ya mwisho, mwanaume moja na miwani akaangalia mu kabati, akakuna kidevu, akatoa vinini fulani vyeupe: "Hii njo ntongo. Ya nguvu kabisa. Moja asubui, moja magaribi."

Nilikunywa ile ntongo kwa imani. Sijue ilikuwa nini. Ninayojua, kama mbele nilikuwa nalala nikiikala, sasa nililala nikisimama. Na bote mu nyumba, juu muganga alisema, bakaanza wimbo moja: kamata moyo. Namwanga sombe: kamata moyo, mama. Nasahau jina ya Kavira: kamata moyo. Mbao ku dirisha, giza ku dirisha, na miye natafuta moyo mu giza, nipate kuikamata.

Maharagi ikavunwa. Nilisikia maganda yake inachomwa, nikajua bako njiani.

Balikuja babili: Katungu, mama ya yule bwana ya Kahindo, na Paluku, mutoto yake mwingine. Tuliikala mu nyumba, mulango imefungwa, taa inawaka muchana. Katungu ni mwanamuke wa maneno kidogo. Akakamata kamukono ya Masika, akaigeuza, akaangalia kovu.

"Bokilo," akaniambia, vile banaitanaka bazazi benye bameozeshana, "hatukukuja kupigana. Unajua tumekuja juu ya nini."

"Najua."

"Basi sema. Tunasikia."

Nilikuwa nimepanga maneno yangu tangu kuamuka. Niliyarudilia mu kichwa, moja nyuma ya ingine, nikiyashika sawa mayai. Nikasema: "Huyu mutoto njo Kahindo yenye ilibakia. Miye nilimutoa kule ku mugongo, na mvua. Nilimutafunia chakula. Mukimukamata, mimi nitakuwa..."

Na hapo, mu katikati, nikalala.

Ile yenye inafuata, Kambale njo aliniambia nyuma. Kichwa ilianguka tu. Nikaanza kukoroma. Bakaangaliana. Alinitikisa bega, nikafungua macho, nikamuambia Katungu, "Chumvi iko kwa dirisha," nikafunga tena. Katungu hakucheka. Akasema neno moja, na hakulisema na hasira:

"Munaona."

Niliamuka taa imezimika. Nikapapasa ku mukeka pembeni yangu. Nikapapasa mpaka ku ukuta.

"Masika iko wapi?"

Ni Kavira alijibu mu giza. Akasema, "Mama, kamata moyo."

Kisha ile nikakataa kukula. Kambale akaogopa nitamufia mu mikono, Kavira akaogopa mengine. Wakapatana kunipeleka Beni kwa ndugu yangu mudogo mwanamuke, Kyakimwa. Miye nikakubali juu moja tu: Beni njo kwenye mutoto alikuwa. Baliniweka juu ya camion ya mashu, yaani kabichi, na viazi. Njia yote nilijifunika uso na kikwembe, mwangaza ilikuwa inanichoma. Tulivyoshuka, joto ikapanda. Kule hakuna baridi yetu.

Kyakimwa alikuwa na parcelle wazi, na kahawa yake alianika mu shitingi, ile plastiki pana, ku kiwanja. Mu chumba ya nyuma alipangisha mwanamuke ya musoda, Mama Fifi, mutu wa kule Équateur, upande ya Congo yenye banasemaka Lingala, mukubwa, sauti ya kuita ng'ambo ya mto. Nilipojua ni bibi ya musoda, nikataka kurudi mu camion. Kyakimwa akaniambia, "Dada, anapanga, na analipa. Uko unataka nini?"

Asubui ya kwanza Kyakimwa akanikuta ku kizingiti, kichwa inaanguka. Akanipa chai.

"Kunywa, dada. Kamata moyo."

"Usiniambie tena ile neno! Hata muganga alisema kamata moyo, nikakamata, mutoto akaenda!"

Mama Fifi alikuwa anafua nguo pembeni. Akainua kichwa.

"Koko, muganga gani anaandika moyo? Alisema Swahili?"

"Lingala."

"Mu Lingala moyo ni motema. Alisema motema?"

"Alisema moyi." Ile maneno nilikuwa nayo yote, Kambale aliirudilia mbele ya kila pharmacie. "Moyi ya ntongo. Mikolo nyonso. Ile ntongo nayo nilikunywa, ya nguvu kabisa, usiniambie sikukunywa!"

Sabuni ikamutoka mu mikono. Akaikala chini, mu mayi ya sabuni, robe na yote, akacheka, akacheka, anapiga mapaja.

"Eh Nzambe! Koko! Moyi njo ile!" Ananionyesha juu, kule jua inatoka nyuma ya migomba. "Jua! Moyi ni jua! Na ntongo ni asubui! Alisema mama akamate jua ya asubui, kila siku! Na bale bakakupa kinini ya asubui?"

Kyakimwa akacheka. Miye pia nilicheka, nisikufiche, ilikuwa ya kuchekesha. Mutoto yangu anazunguka Butembo na kuuliza, "Muko na asubui?" Na bale banamujibu: imeisha, camion ikifika rudia! Nikacheka mpaka machozi ikatoka, na machozi ikabakia wakati kicheko ilienda. Dawa yangu ilikuwa inapita kila siku juu ya mabati, ya bure, na mutoto yangu mwenyewe aliipigilia misumari.

Mama Fifi akaacha kucheka. Akaja kuikala karibu, mikono inatona mayi.

"Koko, sikia. Kichwa ya mutu ni sawa kuku. Ukifunika kuku na kitunga muchana, anazania ni usiku, analala. Ukifunua magaribi, hajue tena saa. Weye balikufunika."

"Na bale benye balifanya tujifunike?" nikamuuliza. "Bwana yako alikuwaka Butembo?"

Akaangalia ndoo yake. "Koko, yeye anaenda kwenye banamutuma."

Hatukuongea tena ile. Mais tangu siku hiyo, kila asubui ni yeye alinigongea mulango. "Koko! Moyi!" Na miye natoka.

Sasa kama uko na hii ugonjwa, hapa sikia muzuri. Kyakimwa alinipa kazi ya kugeuza kahawa ku shitingi, juu hakuna mutu anaikala bure kwa Kyakimwa. Kuanzia jua inatoka mpaka inapanda, naikala inje, nageuza, nafukuza kuku. Hapana kuangalia jua yenyewe mu macho, utajiharibu. Ikala tu mu mwangaza, na uso wazi. Hata siku ya mawingu nilitoka. Mwanzo ni mbaya. Kichwa inapasuka, macho inatoka mayi, unatapika. Nililia kurudi ndani. Kyakimwa akafunga mulango na akaweka ufunguo mu kifua. Vile vinini vyeupe nikavitupa mu choo, mais ile ni yangu, hata jina sikuijua. Weye yako, uliza muganga mbele. Na ukimuuliza, umuombe arudilie. Na kama Swahili inamukwama, tafuta mutu wa luga yake, hata kama huyo mutu humupendi.

Haikukuja mbio. Kahawa ya kwanza ikakauka, nikiwa bado nasinzia juu ya shitingi na kuku wanakula mu mikono yangu. Mvua ikakuja. Kisha siku moja usiku nikalala, nikaamuka na kusikia jogoo, na mu katikati hakukuwa kitu, paka usingizi. Nikaikala ku kitanda nikashangaa. Magoti ikapungua. Njaa ikarudia masaa yake. Ngozi ikakuwa tena ya kwetu, Mama Fifi akasema, "Sasa unafanana na mutu." Nikamaliza rozari bila kutia chumvi.

Mais kuko kitu yenye hakuna mutu aliniambia, nakuambia weye. Kichwa ikiamuka, inaamuka na yote. Mule mu giza, kifo ya Kahindo ilikuwa mbali, sawa mutu anaongea ng'ambo ya mulima. Sasa, asubui moja, mikono mu kahawa, nikamuona. Sura yake yote. Vile alinishika kidole, vile mukono yake ilifunguka. Nililia pale ku shitingi kama vile alikufa ile saa, na batu banapita ku barabara, banasema, "Yule mama wa usingizi, sasa amekuwa na wazimu." Hapana. Nilikuwa nimepona.

Kwa Katungu haikuwa mbali, nikitembea na miguu nafika. Sikuenda mbio. Niliogopa. Nilijiambia, nisirudie kulala mbele yake. Nikangoja nikuwe na hakika. Kahawa ya pili ilikuwa inakauka wakati nilioga, nikavaa muzuri, nikakamata kikwembe ya kubebea mutoto, mupya, na nikaenda.

Katungu alikuwa ku veranda anachambua muchele. Akaniangalia macho, moja, na ingine.

"Umeamuka, bokilo."

"Nimeamuka."

"Nafurahi. Vraiment, kweli."

"Nimekuja juu ya mutoto."

Akaweka ungo chini. "Alikulilia," akasema. "Ujue ile. Alilala ku ule mulango, anakulilia, mpaka mahindi ikakomaa. Hakukula kwa mukono yangu. Kisha siku moja akaacha. Sasa sema weye mwenyewe, juu sasa una akili: nimulilishe tena?"

Nilikuwa na maneno. Mara hii yote ilikuwa mahali yake, hakuna hata moja ilinianguka. Ningeweza kuisema mpaka mwisho, na macho wazi.

Masika akatoka mu nyumba. Alikuwa amerefuka. Kovu ku mukono, na miguu ya Kahindo, ile ya kukanyaga na kisigino. Akaniangalia vile unaangaliaka mutu mwenye amesimama ku njia yako. Akamuendea Katungu, akajificha nusu mu kikwembe yake, akamuuliza pole pole, mais nilisikia, juu sasa nasikia yote:

"Mama, mugeni atakunywa mayi?"

Katungu akaniangalia. Aliniachia miye nijibu.

"Ndiyo," nikasema. "Mugeni atakunywa."

Akaenda, akarudi na kikombe imejaa, anatembea pole isimwangike, anaangalia mayi na si miye. Nikaikamata na mikono mbili. Nikakunywa yote. Nikasema wasingya, vile siye tunashukuruka, na nikamurudishia kikombe yake.